Mzani wa Garsen

Safari tunayoisimulia wiki hii haikuwa ndefu. Kutoka Garsen hadi kisiwa cha Manda, kwa ndege ndogo, ni mwendo wa kama nusu saa tu. Lakini kabla ya nusu saa hiyo tulikaa chini ya mwarobaini kwa muda wa saa moja na zaidi, tukipimwa sisi na mizigo yetu, na tukajifunza jambo ambalo tumeona si haki kulinyamazia.

Wengi wetu wenye jamaa Lamu tunaijua Garsen kupitia dirisha la basi. Ukitoka Malindi unapita mashamba ya chumvi ya Gongoni, Marereni na Kurawa, kisha nchi inapanuka, miti inakuwa ya kuhesabika, na ng'ombe wanaonekana kwa mbali kama punje za mtama zilizomwagika uwandani. Unafika Minjila, na punde tu unaingia Garsen. Abiria hushuka wakaswali, wakanywa chai, wakanunua ndizi na maembe, wakapanda tena. Ni wachache wanaouliza ndizi zile zimetoka wapi.

Zimetoka mtoni. Mto Tana huanza mbali na bahari, kwenye miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare, ukasafiri kiasi cha kilomita 1,000. Njiani hupitia mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha Garissa na Hola, hata ukafika Garsen ukiwa mzito kwa tope. Kutoka hapo mto hutawanyika katika mabonde, maziwa na vijito hadi Ghuba ya Ungwana, karibu na Kipini. Wapokomo hulima mpunga, ndizi na maembe kandokando ya maji. Waorma na Wawardei huja na mifugo yao kutafuta malisho ukame unapokaza. Delta hiyo iliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Mwaka huohuo mapigano baina ya wakulima na wafugaji yakaanza kumwaga damu, na hadi mwanzoni mwa 2013 watu zaidi ya 100 walikuwa wamepoteza maisha. Nchi ile inajua gharama ya mizani kuharibika.

Sisi ni ndugu wawili wa kike, na tulikuwa tumekwenda Garsen kwa hitima ya jamaa yetu. Tulifuatana na Shangazi, na Ami yetu ambaye ni nduguye Shangazi wa baba na mama, na binti mmoja wa miaka 13 wa nyumbani mwetu. Ilikuwa vuli ya mwaka 2023. Mvua zilinyesha hata mto ukavunja kingo zake, na barabara ya kwenda Lamu ikafunikwa na maji sehemu za Gamba na Lango la Simba. Mabasi yakasimama. Familia nyingi za vijijini zikahamia kwenye miinuko na maturubai yao, kuku wao na vyombo vyao. Wenyeji wetu, ambao shamba lao la mpunga lilikuwa chini ya maji, walitupa chumba na kitanda, wao wakalala ukumbini.

Siku ya nne simu ilipigwa kutoka Lamu. Binti wa Shangazi, mwenye mimba ya kwanza, alikuwa ameanza kusikia uchungu kabla ya siku zake. Uchungu ule ulitulia, lakini daktari alisema asiwe peke yake. Wasafiri wengine walikuwa wakivushwa maji kwa mashua na kuendelea kwa gari upande wa pili, lakini Shangazi ana magoti yasiyomruhusu kupanda na kushuka mashua. Ndugu wa Mombasa na Malindi wakachanga fedha, na ikapatikana ndege ndogo ya kukodi itakayotoka Malindi, itue Garsen, itupeleke Manda.

Jioni ile rubani alituma ujumbe. Alitaka kila abiria aandike uzito wake kwa kilo, akiwa amevaa nguo na viatu vya safari, na uzito wa mizigo yote. Tulipomsomea Shangazi, alijifunika leso mdomoni akasema, "Andikeni sabini." Tulimtazama. Sabini aliiaga zamani, kabla hatujaolewa. Lakini ni nani kati yetu atakayemwambia shangazi yake mbele ya wenyeji kwamba amezidi sabini? Tukaandika sabini. Kuhusu mizigo tukaandika kilo 30, na ni kweli mabegi yalikuwa kilo 30. Ila lilikuwapo dumu la samli. Shangazi aliikusanya samli ile kidogo kidogo kwa akina mama wa Kiorma, kwa ajili ya mzazi na arubaini yake, na dumu lake lilikuwa kilo 20. Alilifunga ndani ya mkeka, akatuambia tusilitaje, asije mtu akasema libaki.

Asubuhi ndege ilitua, ya injini moja na viti sita, aina ya Cessna 206. Rubani alikuwa mtu wa makamo, mpole. Alimwamkia Shangazi, akazunguka uwanja kwa miguu akijaribu udongo kwa kisigino, kisha akatoa mizani mbili: moja ya kusimama juu yake, nyingine ya kuning'iniza mizigo.

"Mwanangu," Shangazi akasema, "si tumeshakuandikia?"

"Mmeniandikia, mama, na nimepiga hesabu usiku. Lakini mimi huamini mizani kuliko karatasi. Uwanja huu umelowa."

Tuliposimama mmoja mmoja, sisi wawili tukawa kilo 60 na 65, binti 45, Ami 70, kama tulivyoandika. Shangazi alipopanda, mshale ukasimama kwenye 85. Mkeka ulipoinuliwa kwenye ndoana, ukaonekana mzito kuliko mkeka wowote. Rubani hakucheka wala hakukemea. Alikaa chini ya mwarobaini, akafungua daftari, akatuita tuone.

Hesabu yenyewe si ngumu, na kila aliyewahi kumwona mchukuzi wa maji na mzega anaielewa. Mzega ni mti mmoja begani na debe kila ncha. Madebe yakiwa sawa, bega hukaa katikati. Moja likizidi, mchukuzi huusogeza mti hadi debe zito liwe karibu zaidi na bega. Hivyo kinachotazamwa ni uzito pamoja na umbali wake. Ndege nayo huning'inia kwenye mabawa yake kama mzega begani, na kila kilichomo, tangu injini hadi kandambili, kinavuta upande wake.

Kwa hiyo rubani hutazama mambo mawili. La kwanza ni jumla ya uzito, ambayo haipaswi kuvuka kiwango kilichoandikwa na watengenezaji; kwa ndege ile kilikuwa kilo 1,633. La pili ni kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote ungeweza kuhesabiwa kuwa umekusanyika. Ili kukipata, huchukua uzito wa kila kitu akauzidisha kwa umbali wake kutoka alama moja ya mbele. Katika ndege ile ni ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Jibu lake huitwa momenti. Kisha hujumlisha momenti zote, akagawanya kwa uzito wote, akapata umbali wa kitovu. Kwa uzito kama wetu, kitovu kilipaswa kuwa baina ya mita 1.06 na mita 1.26 kutoka ukuta ule. Nafasi yote hiyo ni sentimita 20, shubiri moja tu ya mkono wa mtu mzima.

Akatuonyesha karatasi ya usiku. Ndege tupu kilo 1,030, umbali mita 1.00. Yeye mwenyewe kilo 80 na Ami 70, viti vya mbele, mita 0.95. Sisi wawili safu ya kati, kilo 125, mita 1.80. Shangazi kwa kilo 70 na binti kwa 45, safu ya nyuma, mita 2.55, kwa kuwa Shangazi alitaka kukaa karibu na mizigo yake. Mabegi kilo 30, mita 3.20. Mafuta lita 150, na kwa kuwa lita moja ya petroli ya ndege ni gramu 720 hivi, uzito wake ni kilo 108, mita 1.20. Jumla kilo 1,558, kitovu mita 1.230. Karatasi ile ilikuwa salama.

Kisha akaandika ukweli chini yake. Shangazi 85, mizigo 50. Jumla kilo 1,593. Ami akafurahi, "Bado zimebaki kilo 40!" Rubani akatikisa kichwa, akagawanya momenti. Kitovu kilikuwa mita 1.267. Tulikuwa hatujavuka uzito, bali tumevuka mizani. Kilo 35 tulizozificha zote zilikuwa nyuma, na zilikuwa zimekivuta kitovu cha ndege nzima hadi nje ya mpaka wake.

Tukauliza: na kama tungeruka hivyo? Akaeleza kwa utulivu. Ndege iliyozidiwa pua hukimbia mbali uwanjani ikisita kuinuka, na ikitua pua yake ni nzito kuinua. Iliyozidiwa mkia ni ya hatari zaidi. Huinuka upesi, ukadhani ni nyepesi, kisha pua huendelea kupanda hata rubani akisukuma usukani. Mwendo hupungua, bawa likakosa hewa ya kulishika, ndege ikaanguka ikiwa bado karibu na ardhi. Inawezekana tungefika salama, kwa kuwa watengenezaji huacha nafasi kidogo. "Lakini nafasi ile," akasema, "ni ya upepo na ya makosa yangu. Siyo ya samli."

Hapo sote tukatazama chini.

Si maneno ya kutishana. Tarehe 8 Januari 2003, huko Charlotte nchini Marekani, ndege ndogo ya abiria aina ya Beechcraft 1900 ilianguka mara tu baada ya kuruka, na watu wote 21 waliokuwamo wakafa. Uchunguzi ulikuta mambo mawili yamekutana: usukani wa mkia ulikuwa umefungwa vibaya wakati wa matengenezo, na kitovu cha uzito kilikuwa nyuma ya mpaka. Karatasi zilionyesha kila kitu kiko sawa, kwa sababu abiria walihesabiwa kwa uzito wa wastani uliopitwa na wakati, nao walikuwa wazito kuliko wastani ule. Baada ya hapo Wamarekani wakabadilisha viwango vyao vya wastani. Nasi wa pwani hatuhitaji kwenda mbali. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilichojaa kupita kiasi kilipinduka karibu kabisa na ufuo, na watu 272 wakafariki. Wazee wetu wa majahazi walilijua hili kabla ya vitabu. Jahazi tupu hutiwa farumi ngamani ili litulie, na nahodha ndiye anayesema gunia lipi liende tezi na lipi omo. Hata methali yetu inakumbusha kwamba ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Rubani akapiga hesabu nyingine tatu. Katika ya kwanza, Shangazi ahamie safu ya kati na mmoja wetu, wa kilo 60, aende nyuma na binti. Kitovu kingerudi mita 1.255. Lakini mafuta yale yako mbele ya kitovu, na yanapoungua kitovu husogea nyuma. Kwa hiyo lazima hesabu ifanywe ya kuruka na ya kutua. Mafuta yakiisha kabisa kingefika 1.259, ndani ya mpaka kwa upana wa unyasi. Hiyo akaikataa.

Katika ya pili, Shangazi akae mbele kabisa kando ya rubani, Ami arudi kati. Kitovu kingekuwa 1.247 wakati wa kuruka na 1.251 mwishoni, na samli ingekwenda. Katika ya tatu, Ami abaki mbele, Shangazi akae kati, na kilo 20 zishuke. Kitovu 1.231 wakati wa kuruka, 1.233 mwishoni, na uzito ungepungua hadi kilo 1,573, jambo lenye faida kwenye udongo uliolowa na jua linalopanda, maana hewa ya joto ni nyepesi na hulibeba bawa kwa shida.

Akasema, "Mama, ya pili na ya tatu zote zinaruhusiwa. Chaguo ni lako."

Wanawake mnaosoma hapa mtaelewa uzito wa chaguo lile kuliko sisi tunavyoweza kulieleza. Shangazi hajawahi kukaa bega kwa bega na mwanamume asiye maharimu wake, na viti vya mbele vya ndege ile viko karibu kama viti vya pikipiki ya magurudumu matatu. Upande mwingine ilikuwapo samli ya mzazi. Ami akaanza kusema kwamba dharura ina hukumu yake. Shangazi akamzuia kwa mkono.

"Si dharura," akasema. "Dharura ni binti yangu. Hii ni samli." Akanyamaza, akautazama ule mkeka. "Na mimi ndiye ninayewafundisha wasichana chuoni Sura ya Al-Mutaffifin. Nawaambia juu ya wapunjao vipimo, wao wanawaza wauza mchele wa sokoni, na mimi pia nilikuwa nawaza wauza mchele."

Akamgeukia rubani. "Niwie radhi, mwanangu. Nilikupunja."

Rubani akajibu kwamba hakuna wiki inayopita bila mtu kumpunja, na kwamba wanaume hupunja mizigo zaidi, wanawake miili. Akatuomba radhi naye kwa kutupima hadharani. Mahali pengine, akasema, huweka mizani nyuma ya pazia, na abiria husoma mwenyewe na kumnong'oneza. Tukaona ni jambo jema kwa kila mwenye ndege kulifuata, kwa kuwa uongo wetu ulianza na haya, na pazia la leso mbili lingetosha kuuzuia.

Samli tukawaachia wenyeji wetu. Shangazi aliwaambia waitumie wao na waliohamia kwenye maturubai.

Ndege ilikimbia, matope yakaruka pembeni, ikainuka taratibu kama mtu anyanyukaye kutoka kwenye sijida. Ndipo tukaiona nchi tuliyokuwa tukiipita miaka yote bila kuijua. Maji yalikuwa yametanda mpaka upeo wa macho, rangi ya chai ya maziwa. Mapaa ya makuti yalichomoza kama vichuguu. Mistari ya miembe ilionyesha mahali kingo za mto zilipokuwa. Mtumbwi mmoja ulivuka lililokuwa shamba, na aliyepiga kafi alisimama nyuma, mizigo ikiwa katikati, sawasawa. Ng'ombe walijikusanya kwenye mwinuko mmoja pamoja na watu, na kutoka juu hatukuweza kujua ni ng'ombe wa nani wala ni watu wa kabila gani. Kisha barabara ikaonekana, ikaingia majini, ikatoka mbali upande wa pili. Baada yake msitu, mikoko, na mwisho bahari.

Mtoto alizaliwa siku ya tatu baada ya kufika kwetu, wa kike, mzima, alhamdulillah. Alipowekwa kwenye mizani ya hospitali, Shangazi alisogea akasoma mwenyewe: kilo 2.7. Kuhusu samli, barabara ilipofunguka basi lilileta dumu lilelile, nusu yake. Wenyeji walisema nusu waliyokula ilikuwa sadaka na nusu nyingine ni amana. Lilifika arubaini ikiwa imekwisha, tukaipikia visheti.

Kwa familia zitakazopanda ndege ndogo za Manda, Malindi, Hola au kwingineko, tunausia machache. Jipime nyumbani ukiwa umevaa buibui, viatu na mkoba wako, na utaje kilo zilizosomeka. Mtaje na mtoto mchanga wa kupakatwa, maana naye ana uzito. Usiongeze kitu baada ya kupimwa, hata chupa za maji ya zamzam. Chukua mabegi laini badala ya masanduku, ili yapangike mahali rubani anapotaka. Ukionyeshwa kiti, kaa hicho hicho, na usihame angani kumfuata jamaa yako. Kama una haja ya kukaa mbali na asiye maharimu, sema mapema kabla hesabu haijafungwa; mara nyingi njia hupatikana, kama ilivyopatikana kwetu. Na ukiona rubani hapimi wala haulizi, muulize wewe.

Sura ya Ar-Rahman inaitaja mizani katika aya tatu zinazofuatana. Tumekuwa tukiisoma tangu utotoni, lakini sasa tukifika hapo tunaona uwanja uliolowa, mwarobaini, na mshale uliosimama kwenye themanini na tano.